Pamba imegeuka waridi, je ni damu? Shida za kupima damu na majimaji ya mwili eneo la tukio, na zinakotoka

Mama mmoja wa Langoni, hapa Lamu, alinikuta barazani baada ya alasiri, nikamkaribisha akakataa kukaa, akaniuliza akiwa amesimama vile vile, "Mwanangu, hiyo dawa yenu yajua damu ya mtu na damu ya papa?" Mwanawe alikuwa ndani usiku wa pili, mvuvi, mashua yake ilikutwa na madoa ya hudhurungi karibu na mkuku, mtu akadondoshea matone matatu, pamba ikageuka waridi, basi maneno yakaishia hapo. Nikamwambia la, mama, haijui. Akanitazama kitambo alafu akasema, "Basi kama dawa haijui, nyinyi mwajuaje?"

Hilo swali ndilo lililonifanya niandike haya. Nawaandikia wadogo zangu wa maabara, manesi wa zamu za usiku, na vijana wa upelelezi wanaopewa kisanduku cha dawa na mafunzo ya siku mbili alafu wanaambiwa nenda kisiwani ukapime. Nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokiona mbele yako kimekwenda kombo, alafu sababu zake, alafu ufanye nini. Si lazima usome mwanzo mpaka mwisho, nenda kwenye shida yako.

Ila kabla hujaenda, kuna kitu kimoja ambacho kama hukifanyi basi hakuna dalili yoyote hapa chini utakayoielewa. Kila ukifungua dawa, zijaribu kwanza mara tatu. Moja kwenye damu unayoijua (mimi naweka damu ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, imekaushwa kwenye karatasi, usichome kidole chako mwenyewe ukaanza kudondosha damu yako eneo la tukio). Ya pili kwenye pamba safi yenye maji tu. Ya tatu, na hii ndiyo watu wanairuka, kwenye sehemu safi pembeni ya doa, ubao ule ule, ukuta ule ule, nguo ile ile. Ile mashua ingefanyiwa hii ya tatu yule kijana angelala kwao.

Rangi imetoka hata kabla sijatia peroksaidi

Tuanze na Kastle-Meyer, ile dawa ya damu inayogeuza pamba waridi, manake ndiyo wengi wanayo. Unasugua doa kwa pamba iliyoloweshwa, unatia tone la spiriti, tone la dawa, unasubiri, alafu tone la peroksaidi. Dawa yenyewe ni fenolfthaleini iliyonyang'anywa rangi kwa unga wa zinki, imo ndani ya alkali kali. Damu ina hemu, ile sehemu yenye chuma inayoipa wekundu, na hemu huisaidia peroksaidi kuirudishia ile dawa rangi yake, ndo unaona waridi. Kwa hivo rangi ikija kabla ya peroksaidi maana yake kuna kitu kingine kinachofanya kazi ya peroksaidi. Mara nyingi ni Jik, mtu ameosha sakafu, au ile pamanganeti ya zambarau watu wanayooshea vidonda. Hapo hupimi tena, andika ilivotokea, chukua sampuli upeleke maabara, usiseme ni damu wala usiseme si damu.

Na kama chupa yenyewe ya dawa imeanza kuwa waridi ndani, hiyo imezeeka, imekutana na hewa, zinki imeisha nguvu. Huku kwetu joto na stima kukatika katika zinaimaliza haraka. Iweke kwenye friji, chupa nyeusi, na ikibadilika rangi itupe, usiihurumie.

Imetoka baada ya peroksaidi, imekuja vizuri, lakini doa si damu

Hii ndiyo inayofunga watu bure kwa hivo nitakaa nayo kidogo.

Dawa haitafuti damu. Inatafuta kitu chochote chenye tabia ya peroksidesi, yaani kimeng'enya kinachoisukuma peroksaidi ifanye kazi. Mboga zinayo, figili, viazi, na nyingine nyingi, kwa hivo kisu cha jikoni na mbuzi ya kukunia nazi iliyolazwa karibu na mboga vinaweza kukudanganya. Chumvi za shaba zinakudanganya vilevile. Sasa fikiria mashua. Rangi nyingi za kupaka chini ya boti ili viumbe vya baharini visigande zina oksaidi ya shaba ndani, na rangi yenyewe ni nyekundu ya kahawia, ikibanduka na kumwagikia ndani ya boti inafanana na damu iliyokauka mpaka unashtuka. Ongeza misumari iliyoota kutu. Ongeza damu ya samaki yenyewe, manake hemu ni hemu, ya nguru, ya papa, ya mbuzi, ya punda aliyechunika mgongo kwenye kichochoro cha Mkomani, zote zitakupa waridi ile ile, sekunde zile zile.

Angalia saa. Damu inajibu papo hapo, ndani ya sekunde chache. Rangi inayojitokeza polepole baada ya nusu dakika kwenda mbele usiihesabu, manake hata pamba isiyo na doa, ukishaitia dawa ukaiacha hewani, itageuka waridi yenyewe baadaye, nshaona mtu anapiga picha pamba ya dakika kumi anasema ushahidi huu hapa. Piga picha mapema alafu itupe, na ile pamba uliyotia dawa si sampuli ya DNA, ya DNA chukua nyingine. Kwa upande wa mboga maabara wana njia nzuri, wanapasha moto, peroksidesi ya mmea inakufa kwa joto lakini hemu inavumilia.

Australia walijifunza hili kwa uchungu. Mtoto mchanga, Azaria Chamberlain, alipotea kambini karibu na Uluru mwaka 1980, mama yake Lindy akasema ni mbwa mwitu wa kule, dingo, hakuaminiwa, akafungwa 1982. Sehemu ya ushahidi ilikuwa michirizi chini ya dashibodi ya gari lao iliyosemwa ni damu ya mtoto mchanga. Baadaye ikaonekana ile michirizi ni dawa ya kuzuia kelele iliyopulizwa garini kiwandani. Alitoka 1986, hukumu zikafutwa 1988. Mama amefiwa na mtoto alafu akakaa jela kwa ajili ya kitu kilichopulizwa kiwandani, mimi kila nikishika ile chupa namkumbuka.

Sawa, ni damu, lakini ni ya nani, mtu au mnyama?

Kuna fundi seremala wa Kijerumani, Ludwig Tessnow, mwaka 1901 alikamatwa kisiwani Rügen kwa mauaji ya watoto wawili, nguo zake zina madoa, yeye akasema ni rangi ya mbao. Na kwa seremala hilo ni jibu la kuaminika kabisa, nenda kwa mafundi wa milango hapa mjini uangalie nguo zao. Mwaka huo huo Paul Uhlenhuth alikuwa ametoka kugundua kipimo cha kutenganisha damu ya mtu na ya mnyama kwa kingamwili, wakampelekea zile nguo, zikakutwa na damu ya mtu na ya kondoo. Utaona kipimo kile kile kinachomnasa mwenye kosa ndicho kinachomtoa asiye na kosa, na kimekuwepo zaidi ya miaka mia moja, hakuna sababu ya kutokitumia.

Siku hizi kimekuwa kijiti kama kile cha kupima mimba au malaria, kina mstari wa C (unaoonyesha kijiti kinafanya kazi) na wa T (wa jibu lenyewe). Kinatafuta hemoglobini ya mtu. Shida zake ni tatu ninazokutana nazo.

Mstari wa C haukutoka: kijiti kimeharibika, hakuna jibu, chukua kingine, usijipe moyo.

Mstari wa T umetoka lakini upo bara, Witu au Mpeketoni, na shamba limevamiwa na nyani: vijiti hivi vinashika pia damu ya nyani na jamaa zake, kwa sababu hemoglobini zao zinafanana na zetu. Liseme hilo kwenye ripoti.

Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Doa ni kubwa, damu imeganda kabisa, Kastle-Meyer imejibu haraka, lakini kijiti kinasema hapana. Mtu anaandika "damu ya mnyama". Subiri! Damu ikiwa nyingi mno, hemoglobini inazishika kingamwili zote, zilizo huru na zilizobandikwa kwenye mstari, kila moja imejaa kivyake, hakuna kinachobaki cha kuziunganisha, basi mstari hautoki. Ongeza maji ya dawa, punguza mara kumi, mara mia, rudia. Ukiona maji uliyotia kwenye kijiti ni mekundu kwa macho basi jua umezidisha.

Ni nyekundu, inafanana na damu kabisa, lakini dawa imenyamaza

Kwanza rudi kwenye damu yako ya mbuzi. Ikikataa nayo, shida ni peroksaidi yako, imekufa, manake mwanga na joto vinaivunja inabaki maji tu. Hii ni hatari kuliko ile ya kudanganywa, kwa sababu utapita eneo zima unasema hakuna kitu na hakuna atakayejua.

Damu ya mbuzi ikijibu, angalia kama doa ni la zamani. Damu iliyokaa miezi ukutani inageuka kahawia na haitaki kuyeyuka, na kuta zetu za mawe na chokaa zinainywa ndani. Lowesha pamba, igandamize palepale dakika moja mbili badala ya kusugua mara moja na kuondoka.

Alafu kuna tambuu. Mtu akitafuna popoo na katu na chokaa akatema kwenye kona ya kichochoro, likikauka lile doa limewapoteza hata wenyeji. Lakini usilipite! Lile ni mate, na mate yana seli za mashavuni, yaani DNA, na inaweza kuwa ndiye mtu aliyesimama pale akingojea. Kipimo cha mate ni kutafuta amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga. Nacho pia ni cha "huenda" tu, manake amilesi iko pia kwenye kinyesi, maziwa ya mama, na hata sabuni zingine za unga zimetiwa. Vijiti vya miraa vilivotafunwa nahesabu humo humo, vichukue kwa koleo safi, kimoja kimoja kwenye bahasha yake.

Nimepuliza luminoli, chumba kizima kinawaka

Luminoli ni ile inayotoa mwanga wa buluu gizani, Walter Specht kule Ujerumani aliipendekeza kwa kazi ya damu mwaka 1937 na mpaka leo kwa kutafuta damu iliyooshwa hujapata mfano wake. Lakini nayo inawashwa na Jik na inawashwa na shaba.

Tofauti utaijua kwa macho ukishaona mara mbili tatu. Jik inametameta, inawaka vidoa vidoa alafu inazima haraka, tena imetapakaa pote palipopita dekio. Damu inawaka taratibu, kwa utulivu, inakaa, na ina umbo, mchirizi, matone, alama ya mguu. Kama hakuna haraka na chumba kinaweza kufungwa na kulindwa, ngoja siku moja mbili, Jik inapungua yenyewe ikikauka, damu iko palepale.

Shaba: toa masinia, toa dele la kahawa, angalia vitasa na komeo. Nlikuwa kwenye nyumba moja ukumbi mzima giza, kona moja inawaka kama mbalamwezi, tukashikana mikono kwa hofu, kuwasha taa kumbe ni dele la marehemu babu yao liko chini ya kitanda.

Mwanga ukiwa hafifu, uliza umechanganya saa ngapi. Luminoli ikishachanganywa inachoka, ichanganye hapo hapo unapotaka kuitumia. Na usipulize mpaka inatiririka, utaosha doa na kulipeleka mahali ambapo halikuwa. Chukua pamba yako ya DNA palipoonekana umbo, ukikausha vizuri luminoli yenyewe haizuii.

Nimewasha taa ya zambarau, kanzu yote inang'aa, sioni doa

Hiyo ni sabuni ya unga. Zina kemikali ya kung'arisha weupe, inayonyonya mwanga wa zambarau usioonekana na kutoa wa buluu, kwa hivo kanzu ya Ijumaa itakuwakia machoni yote. Toka kwenye ile taa ya zambarau, tumia ya buluu ya kama nanomita 450 na miwani ya rangi ya chungwa, mng'ao wa sabuni unapungua na shahawa, mate na mkojo vinabaki kujionyesha. Damu yenyewe haing'ai, inanyonya mwanga, itafute kama kivuli cheusi.

Kwenye buibui ni kinyume, cheusi juu ya cheusi, huoni kitu. Piga picha kwa kamera ya infraredi, vitambaa vingi vyeusi vinakuwa vyeupe kwenye ile picha na damu inabaki nyeusi.

Kesi ya ubakaji: kipimo cha shahawa kimekataa, au kimekubali lakini mbegu hazipo

Hapa naomba tusome polepole, manake kuna mtu amekaa kwenye kiti mbele yako na amepita mengi kabla ya kufika kwako.

Kipimo cha kwanza kinatafuta asidi fosfatesi, kimeng'enya ambacho shahawa inacho kwa wingi sana, karatasi inageuka zambarau. Ikigeuka ndani ya sekunde 30 ina uzito. Ikija polepole, dakika na zaidi, inaweza kuwa ya mwanamke mwenyewe, manake maji ya ukeni nayo yana asidi fosfatesi, kidogo. Alafu kuna kijiti cha PSA, protini ya tezi dume, kina uhakika zaidi, lakini PSA nayo iko kidogo kwenye maziwa ya mama na mkojo, na kijiti chake kina ile shida ya kuzidiwa kama cha damu, kwa hivo punguza.

PSA imekubali, darubini haina mbegu? Mwanamume anaweza kuwa amefunga uzazi, au hana mbegu kwa maumbile, au muda umepita. Kwenye rangi ile ya darubini ya nyekundu na kijani, vichwa vinatokea vyekundu na mikia kijani, na mikia ndiyo inayokatika mapema, usitafute mbegu nzima nzima kama za kitabuni, tafuta vichwa. Na hata vichwa visipokuwepo peleka sampuli, kuna seli nyingine za mwanamume na maabara wanaweza kufuata kromosomu ya Y peke yake.

Vyote vimekataa? Kukataa hakuna maana kwamba jambo halikutokea. Kuna kondomu, kuna kuoga, kuna kuosha nguo, kuna kuchelewa kwa sababu mtu alikuwa anaogopa au chombo cha kuvuka kisiwani hakikupatikana. Nimewahi kusikia mhudumu anamwambia msichana "hatujapata kitu", akatoka akilia akidhani ameitwa mwongo. Usiseme hivo kamwe. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 124, inamruhusu hakimu kwenye makosa ya kingono kutia hatiani kwa ushahidi wa mwathiriwa peke yake, akimwamini na akiandika sababu zake. Mtu asiache kwenda mbele kwa sababu ya karatasi yetu.

Tiba kwanza sampuli baadaye, dawa za kuzuia HIV zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Jaza fomu ya PRC (ya huduma baada ya kubakwa) yote, nakala zake tatu, usiache nafasi tupu. Chupi na leso aliyokuja nayo vikiwa vikavu vinaweza kutunza doa muda mrefu kuliko mwili, kwa hivo hata aliyechelewa usimrudishe mlangoni.

Maabara wamejibu: hakuna DNA

Hii imenitokea mimi, na kosa lilikuwa langu. Mwezi wa Mei, mvua haikatiki, mtu amepigwa panga, mkewe alimfunga bega kwa leso, leso imeroa damu na mvua. Nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaufunga fundo nikijiona nimefanya usafi, ikakaa juu ya kabati siku nne kwa sababu bahari ilichafuka, alafu boti mpaka Mokowe, alafu basi. Ilipofunguliwa harufu ilitutoa nje. Ukungu wa kijani ulikuwa umeila ile leso mpaka kwenye jina lake, nikaweza kusoma neno moja tu, "subira".

Kilichotokea ni hiki. Bakteria na ukungu wanataka maji na joto, na mimi niliwapa vyote na nikawafungia wasitoke. Vimeng'enya vyao vinaikata DNA vipande vipande mpaka mashine haipati kipande kirefu cha kusoma. Damu kavu kwenye kitambaa kikavu inaweza kukaa miaka. Damu mbichi kwenye plastiki kwa joto la hapa Lamu haimalizi wiki.

Kwa hivo kausha kwanza. Kivulini, ndani ya chumba kinachofungwa kwa kufuli, si juani manake miale ya jua nayo inaharibu DNA. Nguo moja moja, karatasi safi chini yake, usitundike ya mshukiwa na ya mwathiriwa kwenye kamba moja wala upepo wa feni usitoke kwenye hii ukaenda kwenye ile. Ukikunja weka karatasi katikati ya mkunjo ili doa lisijichape upande wa pili. Alafu bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, kamwe si plastiki. Nguo iliyolowa maji ya bahari ni shida maalum, chumvi inavuta unyevu hewani, utaigusa asubuhi unaona kavu jioni imelowa tena, hiyo ipewe siku zaidi na pakiti mpya za silika. Pamba nazo zikauke kabla ya kuingia kwenye kijisanduku. Damu ya kwenye chupa ya sindano ndiyo inayotaka baridi, friji, isigande barafu. Na safarini usiiweke bahasha kwenye buti la basi karibu na injini, kaa nayo, na kila anayeipokea aweke sahihi na saa kwenye fomu ya makabidhiano.

Kuna wakati mwingine DNA ipo lakini mashine ndiyo imezuiwa. Rangi ya buluu ya jinzi, tanini, udongo wenye mboji, hivi vyote vinakwamisha ile hatua ya kuizidisha DNA. Huku kwetu tanini ni kila mahali, magome ya mikoko yamejaa nayo, matope ya mikoko pia. Ukichukua doa kwenye boriti au nguo iliyoburuzwa kwenye tope la mikoko andika hivo hivo kwenye fomu, "imetoka kwenye boriti ya mkoko", mtu wa maabara akiliona hilo atajua asafishe zaidi au apunguze sampuli badala ya kuandika hakuna. Neno moja kwenye fomu linaweza kuokoa sampuli.

DNA imetoka, lakini ni ya mtu asiyehusika

Anza kujishuku mwenyewe. Umeongea juu ya doa bila barakoa? Umeshika simu kwa glavu alafu ukashika pamba? Ujerumani walimtafuta mwanamke mmoja kwa miaka, DNA yake ilikutwa maeneo kama 40 ya uhalifu, pamoja na mauaji ya polisi mwanamke Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 wakagundua ni ya mfanyakazi wa kiwanda kinachofunga zile pamba. Pamba zilikuwa zimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi DNA. Nunua zilizoandikwa hazina DNA ya binadamu, na kila kesi peleka pamba moja tupu kutoka pakiti ile ile.

Wakili ameisoma ripoti yangu akaipasua

Kwa sababu uliandika "damu". Ukiwa na Kastle-Meyer au luminoli peke yake huna damu, una kitu kilichojibu. Ukiongeza kijiti una damu ya mtu kwa uwezekano mkubwa. Ukipata fuwele za Takayama maabara, zile zinazotengenezwa na hemu yenyewe chini ya darubini, una damu kwa hakika, lakini hujui ya nani. DNA inakwambia ya nani, lakini haikwambii ilifikaje pale wala lini. Kila kipimo kina sentensi yake na huruhusiwi kukikopesha sentensi ya mwenzake.

Nilirudi kwenye ile mashua asubuhi ya siku ya tatu, maji yametoka, imelala ubavu. Madoa sita, na kwa kila doa sehemu safi ya pembeni. Ubao safi wenye rangi ya boti ulitoa waridi nao, sawa na madoa. Kijiti kikasema hapana kwa yote sita, nikapunguza mara kumi na mara mia, hapana. Nikaandika: "Madoa sita yamejibu kipimo cha awali. Ubao usio na doa umejibu vilevile. Damu ya binadamu haikuonekana katika sampuli zozote. Sampuli zimekaushwa na kupelekwa Mombasa." Nikaisoma mara mbili, nikatia sahihi na saa, nikaipeleka kituoni kwa mguu.